Uzoefu wangu na geji ya presha ya mafuta: pampu niliyoambiwa nibadilishe haikuwa mbovu

Seti hii ya kupimia presha ya mafuta niliinunua kwa ukaidi tu. Pikapu yangu ni ya petroli, V8 ya mwaka 2003. Ilianza kukosa nguvu kila inapopanda mlima na mzigo, na asubuhi stata inazunguka weee kabla injini haijawaka. Kila niliyemsimulia alikuwa na jibu moja: pampu ya mafuta imekufa, badilisha. Pampu yenyewe imo ndani ya tangi, na kuifikia ni lazima ushushe tangi zima au uinue bodi ya nyuma. Kazi ya namna hiyo sifanyi kwa kubahatisha.

Ndani ya kasha kuna geji inayosoma psi (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) 0 hadi 140, mpira wa presha, kitufe cha kutolea presha chenye kimpira chake kinachoonyesha mafuta yanayopita, na rundo la viunganishi vya shaba. Vingi havitanifaa maisha yangu yote. Nilihitaji kimoja tu, kwa sababu reli ya mafuta ya injini hii (bomba linalogawia nozeli petroli) ina valvu ya kupimia, inafanana kabisa na ile ya kujazia upepo kwenye tairi. Unafungua kofia yake, unazungushia kitambaa kwa sababu mafuta hayakosi kuruka, unakaza kwa mkono. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, vaa miwani, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Hapo hakuna utani.

Kitabu cha gari kinataka psi 55 hadi 62 ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa. Geji ilisimama kwenye 50. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu akimbilie pampu, lakini namba moja haikuambii mafuta yanakwama wapi. Faida ya kifaa hiki niliiona injini ilipowaka. Kwenye mfumo kama huu, regulata ya presha, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya kwenye reli, ina mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa, presha inashuka kidogo, na ukikanyaga mafuta ghafla inapaswa kupanda, kwa kuwa vakyumu imepungua. Yangu ilifanya kinyume. Nikikanyaga, mshale unazama kuelekea 40. Maana yake mafuta yanayofika kwenye reli ni machache kuliko yanayotumika.

Nikachomoa mpira wa vakyumu kwenye regulata, nikaunusa na kuukagua. Mkavu. Ungekuwa na petroli ndani, kiwambo cha regulata kingekuwa kimepasuka. Nikabana kwa muda mfupi sana kipande cha mpira cha njia inayorudisha mafuta kwenye tangi (bomba la chuma au plastiki usilibane, utalivunja). Kama kosa lingekuwa la regulata, presha ingeruka juu mara moja. Ikapanda kwa uvivu. Nilipozima injini, mshale ukatulia palepale kwa dakika kadhaa, kwa hiyo nozeli hazivuji na valvu ya pampu inayozuia mafuta kurudi inashika.

Kikabaki kipande cha kati ya tangi na reli. Filta iko chini, kwenye chesisi, na nilipoigeuza yakamwagika maji meusi ambayo sitaki kuyaita petroli. Filta mpya iliongeza psi chache. Gari likawa na nafuu, lakini mlimani bado lilichoka. Nadhani wengi huishia hapa: filta imebadilishwa, presha bado ni ndogo, basi ni pampu.

Geji haiwezi kukuambia kama pampu imechoka au inanyimwa umeme. Hilo ni la multimita, kifaa cha kupimia umeme. Pampu ikiwa inafanya kazi, niligusisha waya mmoja wa multimita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya plagi ya pampu: ikapotea volti 0.3 tu, hakuna shida. Upande wa hasi, kutoka plagi hadi hasi ya betri, zikapotea volti 1.9. Ingekuwa chini ya nusu volti, nisingelalamika. Waya wa arthi wa pampu umefungwa kwa bolti kwenye chesisi, mahali panaporushiwa matope na maji kila siku, na kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kimebaki utando. Nikakata, nikaweka kichwa kipya, nikasugua chesisi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza na kupaka grisi juu. Kupima tena: psi 60. Ukikanyaga, inapanda. Pampu ni ileile ya zamani.

Malalamiko yangu juu ya seti yenyewe. Mpira wa presha ni mfupi. Ili kusoma presha gari likiwa na mzigo barabarani, unapitisha mpira chini ya boneti na kuibandika geji kwa nje ya kioo cha mbele (usiiingize ndani ya kabini kamwe, ni petroli yenye presha hiyo), na huu wangu ulifika kwa kuvutwavutwa. Kiunganishi kimoja kilikuja bila ringi yake ya mpira, kikavuja mara ya kwanza. Ukinunua, kagua zote kabla ya kufunga chochote. Uso wa geji unasomeka vizuri, na kitufe cha kutolea presha ndicho nilichokipenda zaidi, kwani unafungua mfumo bila kuoga mafuta. Unaweza pia kukitumia kukinga mafuta kwenye chombo: pampu isiyo mbovu hutoa takriban nusu lita kwa sekunde 15.

Kwa pikapu ya petroli yenye nozeli za kawaida kwenye manifoldi, ninaipa nyota nne. Mwenye injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, au dizeli ya komoni reli (nozeli zote hulishwa na reli moja yenye presha kubwa), asiikaribishe kwenye upande wa presha kubwa: huko presha ni maelfu ya psi, na geji hii itapasuka.