Tina Brooks kwanza, wakubwa watasubiri: mapitio ya santuri za Tone Poet

Santuri iliyonisukuma kuandika mapitio haya ilirekodiwa tarehe 16 Machi 1958 na haikutoka mpaka mwaka 1980. Katika miaka hiyo 22, wanne kati ya wanamuziki watano waliopiga siku ile walikuwa wamekwisha fariki: mpiga besi Doug Watkins mwaka 1962, mpiga piano Sonny Clark mwaka 1963, mpiga tarumbeta Lee Morgan mwaka 1972, na kiongozi mwenyewe wa kikao kile cha kurekodi, mpiga saksafoni Tina Brooks, mwaka 1974. Aliyebaki hai kuiona ikiuzwa ni mpiga ngoma Art Blakey peke yake, na hata yeye, kama aliitaka, ilimbidi aipate Japani, kwa sababu ndiko ilikotolewa.

Santuri hiyo inaitwa Minor Move. Nakala niliyo nayo ni ya Tone Poet, mfululizo wa matoleo ya marudio ambao lebo ya Blue Note, yaani kampuni ya Marekani ya kutoa muziki wa jazi, iliuanzisha mwaka 2019 ilipotimiza miaka 80. Msimamizi wake ni Joe Harley, na jina la mfululizo ni lakabu aliyobandikwa na mpiga saksafoni Charles Lloyd. Anayechonga mifereji ya sauti ni Kevin Gray, ambaye hufanya kazi hiyo moja kwa moja kutoka kwenye kanda mama, yaani kanda ya asili ya kikao, bila kuipitisha katika kompyuta. Santuri huchapwa katika kiwanda cha RTI huko California, na majalada hutengenezwa na Stoughton kwa namna ya zamani, yaani karatasi iliyochapwa hubandikwa juu ya kadi nene. Nimekwisha nunua santuri 20 hivi za mfululizo huu, na baada ya kuzisikiliza kwa miaka kadhaa nina hoja moja tu: thamani yake kubwa haimo katika majina makubwa, na mnunuzi ambaye fedha zake ni za kuhesabu anapaswa kuanza na wale wasiojulikana.

Wengi wetu tulifanya kinyume, na mimi nikiwa mmojawapo. Mtu akigundua jazi hukimbilia albamu zile zinazotajwa kila mahali, kisha toleo jingine la albamu zilezile likitangazwa kuwa lina sauti bora zaidi hununua tena, na baada ya miaka mitano anakuta ana nakala tatu za kitu kimoja. Albamu hizo hazipotei. Kampuni inayozimiliki inajua zitauzwa, kwa hiyo zikiisha leo zitarudi kesho kwa jalada jingine. Asiyerudi ni yule ambaye hata mara ya kwanza wanunuzi wake walikuwa wachache. Santuri huchapwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri huchakaa. Ukishachakaa lazima utolewe mwingine, karatasi za jalada zichapwe upya, na nafasi itafutwe katika kiwanda chenye foleni ndefu. Hakuna anayeingia gharama hizo kwa ajili ya mpiga saksafoni ambaye katika uhai wake wote alitolewa albamu moja tu kwa jina lake.

Albamu hiyo moja ya Brooks ni True Blue ya mwaka 1960. Blue Note ilimrekodi kama kiongozi mara nne kati ya 1958 na 1961, na vikao vitatu vikabaki kabatini. Kimojawapo, Back to the Tracks, kilikuwa kimekwisha pewa namba na kutayarishiwa jalada, kisha kikaachwa bila kutolewa. Lakini mtu huyu hakuwa mpigaji wa kawaida. Ndiye aliyetunga Open Sesame, wimbo ulioipa jina albamu ya kwanza ya mpiga tarumbeta Freddie Hubbard, na humo humo anasikika akipiga. Ukitaka kupima mfululizo wowote wa matoleo ya marudio, tazama unavyomtendea mtu wa aina hii, na Tone Poet waliitoa Minor Move mwaka uleule wa kwanza, sambamba na Introducing Kenny Cox, kazi ya kundi la Detroit ambalo hata mashabiki wa siku nyingi hulisahau. Kwa hilo pekee ninawapa alama za juu.

Sasa niieleze bidhaa yenyewe. Jalada hufunguka kama kitabu, na ndani mna picha za nyeusi na nyeupe za Francis Wolff zilizopigwa wakati wa kurekodi, kubwa kiasi kwamba unaona jasho na kola zilizolegea. Santuri ina uzito wa gramu 180. Ukiiinamisha chini ya taa, katika ule mduara laini ulio kati ya mwisho wa mifereji na lebo, utaona herufi KPG zimekwaruzwa kwa mkono, ambazo ni alama ya Gray. Mimi huzitafuta kila ninapofungua nakala mpya, kabla hata sijaiweka kwenye kinanda cha santuri, na nakiri kwamba tabia hii imekwisha chekwa sana nyumbani.

Kuhusu sauti, kikao cha Minor Move kilifanyika Hackensack, New Jersey, katika sebule ya wazazi wa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, ambayo ndiyo ilikuwa studio yake kabla hajahamia Englewood Cliffs mwaka 1959. Van Gelder alipochonga mwenyewe santuri za zama zile alikuwa akipunguza mitetemo mizito ya chini ili sindano za vinanda vya bei nafuu zisiruke. Gray hana sababu ya kufanya hivyo, na matokeo ni kwamba besi ya Watkins ina mwili: unausikia mti wa ala, si mdundo tu. Piano ya Clark bado iko kwa mbali kidogo, kama inayopigwa nyuma ya pazia, lakini hiyo ni tabia ya rekodi za Van Gelder na hakuna mchongaji atakayeitibu. Nyimbo ni 5. Morgan, aliyekuwa na umri wa miaka 19, anaingia kwa kishindo cha kijana anayejua kwamba anasikilizwa, na Blakey anamchochea kutoka nyuma bila huruma. Brooks hashindani nao. Sauti yake ni laini na ina huzuni isiyojitangaza, na sentensi zake za muziki huanzia mahali usipotarajia na kuishia mapema kuliko ulivyodhani, hivi kwamba mara ya kwanza unaweza kufikiri hana la kusema. Nilihitaji kuisikiliza mara nne au tano ndipo nikaelewa kwamba yeye ndiye ninayemngojea, na kwamba solo ya Morgan, pamoja na ung'aavu wake wote, naipitia tu ili nifike kwake.

Kasoro kubwa ya Tone Poet ni uchache wa maelezo. Picha ni nzuri, lakini msikilizaji anayekutana na Brooks kwa mara ya kwanza angependa kuambiwa kwa nini vikao vyake viliachwa, nani aliviibua, na nini kilitokea kati ya 1961 na kifo chake akiwa na umri wa miaka 42. Hapa Mosaic inawashinda kabisa. Lebo hiyo ilianzishwa na Michael Cuscuna na Charlie Lourie mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi moja tu, nayo ni kukusanya vikao vyote vya mwanamuziki fulani katika kasha moja lenye kijitabu kikubwa cha historia, tarehe na orodha ya wapigaji. Cuscuna, aliyefariki mwaka 2024, ndiye aliyekuwa amezama katika makabati ya Blue Note tangu katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1985 Mosaic ilitoa vikao vyote vinne vya Brooks kwa pamoja. Atakayeipata leo kwa muuzaji wa mitumba asimwambie mtu mpaka amelipa.

Lakini Mosaic wana utaratibu ambao umeniliza. Wao hukodi haki kwa idadi maalumu ya nakala, na zikiisha zimeisha. Mwaka 2003 walitoa, katika mfululizo wao mdogo wa diski 3 za CD uliokuwa na nakala 5,000 kwa kila kichwa, mkusanyiko wa mpiga piano Randy Weston ambao ndani yake imo Uhuru Afrika, aliyoirekodi Novemba 1960 kwa mipangilio ya Melba Liston na maneno ya Langston Hughes. Mwanzoni kabisa mwa kazi hiyo shairi la uhuru linasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964, na ukiisikiliza huhitaji kuuliza sababu. Mtu mwenye lugha hii mdomoni angepaswa kuwa wa kwanza katika foleni. Mimi nilijiambia kwamba nakala 5,000 ni nyingi na jazi ya aina hii haigombewi. Niliporudi kuitafuta haikuwapo. Nakala niliyonayo sasa niliinunua kwa mtu wa tatu, imekwaruzika diski ya pili, na kijitabu chake kina jina la mmiliki wa zamani kwa kalamu nyekundu.

Yapo pia matoleo ambayo sishauri hata kidogo kuyakimbilia, hata kama jina lililoandikwa juu ni la nadra. Sheria za Umoja wa Ulaya zililinda rekodi kwa miaka 50 mpaka muda huo ulipoongezwa kuwa miaka 70 mwaka 2013, na nyongeza hiyo haikuzirudisha rekodi zilizokuwa zimekwisha toka katika ulinzi. Kwa hiyo albamu iliyotolewa kabla ya 1963 inaweza kuchapwa huko na yeyote, bila kanda mama na bila idhini, na mara nyingi chanzo huwa ni diski ya kawaida. Dalili zake si ngumu kuzitambua: jalada halimtaji mchongaji wala chanzo, picha ina ukungu kama iliyopigwa kutoka kwenye jalada jingine, na mwishoni zimeongezwa nyimbo mbili za kikao kisichohusika. Zinauzwa kwa bei ndogo na hazikosekani dukani. Basi ziache zikae huko.

Kwamba kila kitu kinapatikana mtandaoni ni jibu ninalopewa mara kwa mara, na kwa kusikiliza tu sina ugomvi nalo, ingawa huko ni kawaida kutoambiwa nani anapiga besi. Ninachokikumbuka ni habari ya Hasaan Ibn Ali, mpiga piano wa Philadelphia, ambaye alirekodi albamu yake ya pili kwa Atlantic mwaka 1965. Kampuni haikuitoa, na mwaka 1978 kanda mama iliteketea pamoja na maelfu ya nyingine katika moto wa ghala huko Long Branch, New Jersey. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa imepotea, mpaka nakala ya kanda ilipoibuka na lebo ya Omnivore kuitoa mwaka 2021 kwa jina la Metaphysics. Sauti si safi kama ya Tone Poet, na haingeweza kuwa. Piano yake imejaa mikunjo na mawazo yanayokanyagana, na saksafoni ni ya kijana Odean Pope akijaribu kumfuata. Hiyo niliinunua siku niliyoisikia imetoka. Somo la Weston lilikuwa limeniingia.

Nani asinunue Tone Poet? Mwenye kinanda cha sindano nzito isiyorekebishika, kwa kuwa kazi yote ya Gray itaishia hapo hapo. Huyo atafute diski, na kwa wasiojulikana diski za zamani za Blue Note bado zinaokoteka. Wengine nawashauri wasiingoje dalili ya kuisha, kwa maana haitangazwi. Tofauti na Mosaic, ambao hutaja kasha linalokaribia kumalizika, santuri ya Tone Poet leo ipo kwa wauzaji kumi, mwezi ujao kwa wawili, kisha inabaki kwa wale wanaouza kwa bei ya mara nne.

Nakala yangu ya Kenny Cox ilinifikia ikiwa imefungwa kwa karatasi moja laini ndani ya boksi kubwa kupita kiasi, kona ya jalada imepondeka na mshono wa juu umepasuka kwa urefu wa kidole. Nilimwandikia muuzaji nikimtumia picha. Akajibu siku hiyo hiyo kwamba kurudisha fedha hakuna tatizo, ila nakala ya kunibadilishia hana, na mwenzake aliyempigia naye hana. Nikaushika mpasuko kwa gundi ya karatasi, nikaipanga rafuni.