Raynox DCR-250 na flashi ya Godox TT685: kwa buibui naam, kwa sarakasi hapana

Nianze na jibu, maana najua wengi mmefika hapa kutafuta hilo tu. Kama unataka kupiga picha buibui wale wanaoruka na mfuko wako haufiki kwenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, vitu hivi viwili, kioo cha kukuza cha Raynox na flashi ya Godox, vinatosha. Kama unawaza kima wa City Park au wanasarakasi wa Ngara, hapa Nairobi, hifadhi pesa yako kwanza. Flashi ni ileile na mkono ni uleule, lakini matokeo yanatofautiana kama usiku na mchana, na sababu yake haimo kwenye karatasi ya maelekezo.

Kamera yangu ni Canon 700D ya mtumba yenye lenzi ya 55-250mm STM. Raynox ni kioo kidogo cha dayopta 8 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kioo) unachokibana mbele ya lenzi uliyo nayo. Kinakuja na kibanio cha plastiki chenye springi, kinachoshika lenzi zenye uzi wa milimita 52 hadi 67. Yangu ni 58, ikakubali mara moja. Niliagiza kupitia duka moja la katikati ya jiji kwa elfu kumi na kitu. Lenzi ya makro ya 100mm, hata iliyotumika, ingenitoa mara kadhaa ya hiyo.

Fanya hesabu kabla hujanunua: zidisha milimita za lenzi yako kwa 8, ugawanye kwa 1,000. Yangu ya 250 inatoa 2, yaani mdudu anaangukia kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, akiwa mara mbili ya ukubwa wake. Sensa ya 700D ina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo zumu ikifika mwisho fremu nzima inabeba milimita 11 tu za dunia. Buibui wa milimita 7 anaijaza. Yale macho mawili makubwa ya mbele yanatoka meusi yanayong'aa, na kope zake, kama naweza kuziita kope, unazihesabu unywele kwa unywele.

Bei ya utamu huo ni umbali. Lenzi lazima isimame kama sentimita 12 kutoka kwa mdudu, uvute zumu usivute. Fokasi huizungushi, unasogea wewe na kamera yako, mbele kidogo, nyuma kidogo, umeshika pumzi. Na sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko ukucha. Macho yakiwa safi, miguu ya nyuma imeshamezwa na ukungu. Makro yote iko hivyo, hata ya lenzi za bei ya gari.

Buibui wenyewe hawana shida kuwapata Nairobi. Familia yao, Salticidae, ina spishi zaidi ya 6,000, na hawategi utando wa kunasa windo. Wanamnyatia kwa macho kisha wanamrukia. Kwenye kuta za nje za ploti yetu, zile zinazopata jua la asubuhi, wapo wa kijivu wenye mistari, Menemerus bivittatus. Ndani ya nyumba utamkuta Hasarius adansoni, dume lake jeusi lenye mabaka meupe. Huyu wa pili ana kisa. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba anapima umbali kwa kutumia ukungu wa taswira ndani ya jicho: tabaka moja linapata picha kali, jingine picha iliyofifia, naye analinganisha. Walipomwangazia taa nyekundu peke yake, akawa anaruka pafupi, hafiki kwenye windo. Mimi nahangaika na ukungu huo siku nzima, na mwenzangu anautumia kama rula.

Jirani yangu, mama mwenye heshima zake, alinikuta nimelala kifudifudi kando ya ukuta akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamweleza. Nikamwambia na habari za buibui wa kando ya Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003 na ambaye ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wamemchunguza sana pale Mbita, kwa sababu anapendelea mbu waliokwisha kunywa damu. Akasikiliza kwa makini, kisha: "Na hawa wetu, kijana?" Nikasema hawa wanakula nzi na vidudu wengine. "Aa. Basi tumepewa wa bure."

Sasa flashi. Buibui hainyooshi miguu ya nyuma kwa misuli kama sisi. Anaisukuma kwa shinikizo la maji ya mwili, nayo inafyatuka ghafla. Chukulia anakwenda mita 1 kwa sekunde. 700D haipigi na flashi ya kawaida kwa kasi ya shata zaidi ya 1/200 ya sekunde, na katika muda huo ameshasogea milimita 5, karibu urefu wa mwili wake wote. Picha ingekuwa mchirizi. Kinachookoa ni kwamba TT685 haipunguzi nguvu kwa kufifisha mwanga, inaukata mapema. Ukiiweka 1/128 ya nguvu zake, mwako unadumu kama 1/20,000 ya sekunde. Buibui anasogea sehemu ya ishirini ya milimita, na gizani kamera haioni kitu kingine zaidi ya mwako huo. Shata imefunguka muda mrefu, ndiyo, lakini hakuna mwanga wa kuandika chochote.

Ndiyo maana napiga kivulini au ndani, jioni, ISO 400 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi), flashi ikiwa karibu kabisa na mdudu, imefunikwa kipande cha kopo jeupe la aiskrimu ili mwanga ulainike. Kwa nguvu ndogo hivyo betri nne za AA za kuchaji zinahimili kikao kizima, na flashi iko tayari tena kabla sijatoa kidole. Ukipiga kwenye jua la saa sita, mwanga wa jua nao unaandika picha yake, unapata buibui mkali mwenye kivuli cha mzimu nyuma yake.

Kumkamata hewani ni kazi nyingine, na hapa nitasema ukweli ambao matangazo hayasemi: kupiga mfululizo hakusaidii. 700D inatoa picha 5 kwa sekunde, na mruko wenyewe unaisha katikati ya picha mbili. Mimi naweka vijiti viwili vilivyoachana kidogo, narudisha zumu mpaka karibu milimita 135 ili nipate nafasi, napiga kwa ubavu ili mruko wote ubaki kwenye fokasi, halafu namsoma mdudu. Kabla ya kuruka anageuza uso kuelekea anakokwenda, anagandisha uzi wake kwenye kijiti, anajikunyata. Hapo ndipo unabonyeza, kabla ya kuona chochote. Ukingoja umwone ameruka, ameshatua. Nyingi nafuta. Zile zinazobaki zinaonyesha hata ule uzi nyuma yake, umenyooka.

Kwa wanyama wakubwa, Raynox inabaki kwenye begi. Kima gani atakungoja kwa sentimita 12? Pale City Park naitoa, naweka shata 1/1000 au zaidi na natumaini mawingu yametawanyika. Ni hivyohivyo kwa swala pala wa Nairobi National Park, wanaoweza kuruka hadi mita 3 juu: ni jua, lenzi ndefu na dirisha la gari lililofunguliwa. Flashi haifiki, na sipendi kumtupia mnyama mwako machoni.

Wanasarakasi ndio walionifungua macho kuhusu flashi hii. Walikuwa wanafanya mazoezi ukumbini, mwanga hafifu, kijana anapinduka hewani mita tano mbele yangu. Mwanga wa 1/128 haufiki huko, ikabidi nipandishe hadi nguvu zote. Na kwa nguvu zote mwako wa TT685 unadumu kama 1/300. Ule wembe wote umekwisha: mikono na miguu imefutika, kichwa kimeachia mkia. Kuna hali ya kusawazisha kwa kasi, inayoiruhusu flashi kuwaka na shata ya kasi hadi 1/8000 kama kamera yako inaweza, lakini inakula nguvu kiasi kwamba kwa umbali ule haikunisaidia. Nikaizima. Nikashusha shata hadi 1/30, nikamfuata kijana kwa kamera kadiri alivyozunguka, na picha niliyoipenda ni ile ambayo uso wake peke yake unatambulika na mengine yote ni mzunguko. Kwa watoto wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu napiga hivyohivyo siku hizi.

Nyota nne kwa tano kwa Raynox, tano kwa flashi ukiitumia karibu. Ile moja niliyoinyima Raynox ni kwa wenye lenzi ya 18-55 pekee: rudi kwenye hesabu, 55 mara 8 gawanya kwa 1,000, unapata 0.44, na buibui wako atakuwa nukta yenye miguu. Nunua kwanza lenzi ndefu ya mtumba, angalia uzi wake uko ndani ya 52 hadi 67, na unapopokea boksi la Raynox hakikisha kile kibanio cha plastiki kimo ndani kabla hujatoka dukani.