Losartani au haidroklorothiazaidi kwa mwenye presha na asidi ya yuriki nyingi?

Mjini Mtwara, mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepimwa akakutwa na asidi ya yuriki (taka ya mwili iliyomo kwenye damu) nyingi huuliza dawa ipi imfae. Haidroklorothiazaidi kwa kawaida ni ya bei nafuu na hushusha shinikizo vizuri, lakini huzifanya figo zibakize asidi hiyo mwilini, hata jongo (maumivu makali ya viungo yaletwayo na asidi hiyo) likaamka. Losartani huisaidia kutoka kwa mkojo, ingawa kwa kiasi. Haifai kwa mjamzito, na huweza kupandisha potasiamu, ambayo haidroklorothiazaidi huishusha, hivyo zote zadai vipimo vya damu. Mwenye jongo azungumze na daktari kuhusu losartani. Asiye na dalili, tena wa kipato kidogo, huenda akashauriwa abaki na haidroklorothiazaidi, alimradi dagaa na uraka, ile pombe ya mabibo (mtanisamehe, watani wa Lindi), vipungue.