Karatasi za butili kwa gari ndogo: zinazima nini na nini haziwezi

Vitz, Demio na Note zinapendwa Nairobi kwa kutokunywa mafuta mengi, lakini panda Expressway pale Mlolongo ukashika 80, na aliyekaa nyuma itabidi apaze sauti ndiyo asikike. Maduka ya redio za gari siku hizi yanauza dawa ya hilo: karatasi za butili, raba nyeusi inayonata, mgongoni ina foili ya alumini. Ni bidhaa nzuri. Shida ni kwamba wengi wanauziwa kwa kazi isiyo yake.

Butili kazi yake ni kutuliza bati linalotetemeka. Gonga mlango mtupu kwa kifundo cha kidole, utalia kama debe. Ubandike, uugonge tena, sauti inakufa papo hapo: dup. Kwa hiyo ile ngurumo nzito inayopanda kutoka kwa gurudumu na shoki hadi bodi inapungua vizuri, pamoja na vishindo vya maungio ya daraja. Ule mvumo mwembamba wa lami yenye kokoto kubwa unapita hewani, kwenye raba za milango na matundu ya sakafu, na butili peke yake itaupunguza kidogo sana.

Kabla ya kununua, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwanza kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, tairi limeliwa vibaya. Rekebisha alainmenti na uangalie shoki. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ya zamani hukauka na kupiga kelele hata kama meno yamejaa, na mitumba mingi iko hivyo. Kama mlio haubadiliki lami ikibadilika, ila unapanda ukikata kona upande mmoja, shuku beringi. Ukinunua tairi jipya lenye kibandiko cha Ulaya, kumbuka desibeli zilizoandikwa pale zimepimwa nje ya gari, si ndani.

Dukani, nusa. Butili halisi karibu haina harufu. Ikinuka lami, hiyo ni karatasi ya paa, na gari likiegeshwa juani italegea, iteleze na kuchafua kila kitu. Unene usikudanganye: Dynamat Xtreme ya Marekani ina milimita 1.7 tu. Uzito pia uhesabu, kwa sababu karatasi ya milimita 2 ni takriban kilo 3 kwa mita ya mraba, na injini ya 1000 cc itausikia mzigo huo. Bati pana halihitaji kufunikwa lote. Robo hadi nusu, katikati panapotetemeka zaidi, inatosha.

Kwa hizi gari fupi, fundi aanze na madigadi za nyuma kwa ndani ya buti, pale plastiki inapofunika bati tupu juu ya gurudumu. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, na ndipo wengi wanaparuka wakimbilie milango kwa sababu ya spika. Kisha shimo la spea, sakafu, milango mwisho. Bati lisafishwe kwa spiriti likauke kabisa, halafu karatasi ikandamizwe kwa rola ndogo mpaka michoro ya foili ilainike. Isipokandamizwa inabaki na hewa chini, na baada ya miezi inabanduka. Viti vikitolewa, ondoa negativu ya betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano. Hizo ni za eabegi.

Juu ya butili weka povu la seli zilizofungwa, yaani lisilofyonza maji, milimita 6 au zaidi. Ukipewa sponji ya godoro, kataa: inafyonza maji ya mvua ya viatu, kapeti linavunda na sakafu inaoza kwa kutu.

Mlangoni, nailoni ya ndani irudishwe ilivyokuwa na matundu ya chini yasizibwe, maana maji yanayopita kando ya kioo hutoka nje kupitia hapo. Kabla plastiki ya mlango haijarudishwa, mwagia kioo maji kwa nje na uchungulie chini: yasipodondoka, mwambie fundi abandue karatasi ya chini.