Mifuko ya kuhifadhia mahindi: ipulizeni hapo hapo dukani, hata wakiwacheka

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo atakayeona nimezidisha maneno anisamehe. Nilinunua mifuko mitano ya kuhifadhia nafaka, ile isiyopitisha hewa. Mitatu imeniharibia chakula cha nyumba nzima, tena katikati ya masika.

Sisi tunakaa Juani, Mafia. Kwa asiyepajua, ukitoka Dar unapanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, unavuka bahari hadi Kilindoni, unachukua gari mpaka Utende, halafu unangoja maji yajae ndipo mashua ikuvushe. Gunia moja linashikwa na wachukuzi wanne au watano, na kila mmoja anataka chake. Huku hununui chakula kidogo kidogo, utafilisika kwa nauli. Nyumbani tuko watu tisa na kilo 100 za mahindi zinakwisha mwezi. Ukiingia msiba au wageni, hazifiki. Kila mwaka kusi ikishalegea na mahindi ya bara yakiwa yameshuka bei, naenda kununua ya miezi mingi kwa mkupuo. Masika yakikukuta ndani huna kitu, unanunua unga kwa bei anayoitaka mwenye duka, na siku nyingine hata yeye hana.

Zamani tulitumia dawa ya vumbi. Mama mkwe hakuipenda. Mahindi yake aliyatundika juu ya meko yapate moshi, lakini hiyo ni kazi ya mahindi machache, si magunia. Mimi pia niliichoka ile dawa: unachanganya kwa koleo, unakisia kipimo, halafu unawapikia watoto. Ndipo nikaijua mifuko ya matabaka matatu. Nje kuna sandarusi, ndani nailoni mbili nzito, moja ndani ya nyingine. Unajaza, unakamua hewa, unasokota shingo ya kila tabaka na kuifunga peke yake. Wadudu waliomo wanaimaliza hewa iliyobaki na wanakufa, bila dawa yoyote. Waliobuni mifuko hii walianza na kunde huko Kameruni, na Mungu awalipe, maana mwaka juzi bwana shamba mmoja aliniuzia miwili, nikatia kunde mmoja na mahindi mmoja, nikafungua baada ya miezi kama saba. Kunde ziling'aa. Niliwaita majirani waje watie mikono. Kwa furaha ile ndiyo maana safari iliyofuata nikasema nanunua mitano.

Duka lilikuwa la pembejeo, Dar, jina nalihifadhi. Nyuma ya kaunta kijana, simu mkononi. Elfu tano mfuko mmoja. Bwana shamba alikuwa amenifundisha: kabla ya kutia kitu, ipulize kila nailoni, kaba shingo, ibonyeze huku umeweka sikio. Nikasema, "Mwanangu, naomba nifungue mmoja niupulize."

Akanitazama kuanzia kandambili hadi mtandio. "Mama, unanunua mfuko au unanunua puto?"

Watu waliokuwamo wakacheka. Nikamweleza natoka kisiwani, kurudi kwangu si leo wala kesho. Akajibu, "Ukiupuliza umeshaununua. Ukitoboka ni wako." Kisha akaisukuma mitano yote kwenye kaunta, imekunjwa imebanwa, akarudi kwenye simu yake.

Nikaona haya. Mwanamke mzima niliyezaa vijana wa umri wake, niliona haya mbele ya watu nisiowajua, nikalipa nikatoka bila kudai risiti. Hilo linaniuma kuliko mahindi yenyewe. Mahindi yananunuliwa tena.

Nataka niseme hapa, kwa sababu najua wapo watakaosema mahindi yangu yalikuwa mabichi. Hayakuwa mabichi. Niliyanunua Tandika, na nilipofika niliyaanika tena juu ya turubai siku mbili za jua kali, kwa kuwa upepo wa bahari unarudisha unyevu hata kwenye kitu kilichokauka. Nikapima kwa chumvi. Unachukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, unatia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, unatikisa, unaiacha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yangu chumvi ilidondoka yote chini kama mchanga. Nilipima kila gunia. Nikaweka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, nikaziba kila tundu la panya nililoliona.

Masika yalipochachamaa, wala mashua hazivuki, nikafungua mfuko wa kwanza. Kabla hata sijafungua nilisikia. Ukiinama karibu na gunia lenye dumuzi unasikia wanavyotafuna, kama mtu anasugua karatasi polepole. Nikatia mkono: joto. Nikautoa umejaa unga hadi kwenye kiwiko. Huyu ni yule mdudu ambaye wengine humwita Scania, aliyeingia nchini zamani kupitia Tabora na kusambaa kote, na anayekula muhogo mkavu na hata mbao. Nakubali huenda nilikuja naye kutoka sokoni. Lakini kazi ya mfuko ni hiyo hiyo, kumkosesha hewa afe kabla hajazaa! Kwenye mifuko ya bwana shamba nilikuta wamekufa, wamekauka chini kabisa, hawana hata wiki mbili za kutafuna.

Mfuko wa pili vile vile. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi, umeshika ukungu chini, rangi ya kijani, na harufu inayokaa kooni. Mume wangu akasema tuoshe, tuanike, tusage. Nikakataa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na sumu ile haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Nikachimba shimo, nikafukia yote, kuku wasije wakala. Tulibishana usiku kucha kwa sababu ya lile shimo. Mahindi ya ile mifuko miwili tuliyachekecha: gunia la debe sita likatoka debe tatu na kidogo.

Asubuhi nilichukua nailoni nikaenda nazo ufukweni. Nikazipuliza, nikakaba shingo, nikazizamisha majini. Mapovu yakaja mstari mzima kwenye mshono wa chini. Panya akitafuna anaacha kingo zilizochanika, na dumuzi akitoboa anaacha tundu dogo la mviringo. Huu ulikuwa mshono ulio wazi, urefu wa kidole, haujawahi kushikana tangu kiwandani. Na ndipo nilipogundua kitu ambacho usiku wa kujaza sikukiona kwa mwanga wa kibatari: ile mitatu ilikuwa na nailoni moja tu. Moja! Nimelipia matabaka matatu nikapewa mawili.

Hapo nilitaka kuandika: watu wangu, msinunue kabisa mifuko hii, rudini kwenye dawa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia majirani hivyo. Lakini mfuko wa nne, wa duka lile lile, mikono ile ile, niliufungua kwa woga nikakuta mahindi makavu, safi, yana harufu ya jua. Ndani nailoni mbili, mshono umekaza. Kwa hiyo si kwamba mifuko haifai. Inafaa, tena sana. Mtu amechanganya ya kweli na ya uongo, akaikunja sawasawa ili usitofautishe, halafu akakataza kuipuliza. Sasa naelewa kwa nini alikataza. Au pengine hakujua, pengine naye aliletewa hivyo na msambazaji wake. Nilijaribu kumfikiria hivyo kwa siku kadhaa.

Nikaipata nafasi ya kwenda Dar bahari ilipotulia. Nilikwenda na nailoni zangu kwenye kikapu. Kijana ni yule yule. Hakuzishika. "Mama, panya wa kwenu kisiwani ndio wala mifuko, si mimi. Risiti iko wapi?" Basi ile huruma yangu yote ikaisha pale pale. Nikaipuliza nailoni mbele ya wateja, nikaibonyeza, ikatoa upepo usoni mwangu kila mtu akasikia. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba mmoja mwenye kofia, amekuja kununua kumi, akarudisha pesa zake mfukoni na kuniuliza nipulizeje. Nikamfundisha pale pale kwenye kaunta. Kijana akaniambia nitoke nje, nikatoka na yule baba.

Pesa yangu sikurudishiwa. Miwili ya bwana shamba nimeitumia tena, nimeikagua, bado haipitishi upepo, na nyongeza nitaagiza kwake hata kama ni ghali kidogo. Mfuko wa tano sijaufungua. Kila nikipita naubonyeza ubavuni. Umekaza kama ngoma.