Tahadhari kwa wanunuzi wa "gemu za akaunti" za PS4, PS5 na Steam: kiti kimoja, wanunuzi kumi

Wakuu, gemu za akaunti ni zile unazocheza kupitia akaunti ya mtu mwingine badala ya kuzinunua kwa jina lako. Kabla hujamtumia hela mtu anayetangaza "gemu zote mpya za PS5, elfu 35 tu, garantii miezi mitatu", piga hesabu kwanza. Gemu kubwa mpya ya PS5 dukani kwa Sony ni dola 69.99. Dola ikiwa kama shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni karibu laki moja na elfu 75. Akaunti moja ya PSN (mtandao wa PlayStation) ina viti vitatu vya kuuzika, yaani nafasi za kuichezea: PS5 moja kuu, PS4 moja kuu, na yule anayecheza kwa kuingia kwenye akaunti yenyewe, ambaye wauzaji humwita sekondari. Viti vitatu kwa elfu 35 ni laki na elfu tano. Hata mtaji haujarudi. Pengo la elfu 70 linazibwa ama kwa kununua gemu na kadi ya wizi, ama kwa kuuza kiti kilekile kwa watu wengi. Ukiwabana watakwambia walinunua kwenye punguzo. Kwa gemu ya miaka mitatu iliyopita, inawezekana. Kwa gemu iliyotoka wiki hii, sahau.

Kiti cha "praimari", yaani cha mashine kuu, ndicho ghali na ndicho chenye mtego mkubwa. Kwenye PS4 kinawashwa kwa Settings, Account Management, Activate as Your Primary PS4. Kwenye PS5 ni Settings, Users and Accounts, Other, Console Sharing and Offline Play. Kikishawashwa, kila mtumiaji wa mashine hiyo anafungua gemu za akaunti ile, hata intaneti ikiwa imekatika. Unacheza kwa jina lako, tuzo zinaingia kwako, sevu (kumbukumbu ya ulipofikia kwenye gemu) ni zako. Siku ya kwanza kila kitu kinakwenda sawa, na hapo ndipo watu wengi hurudi kumsifia muuzaji na kumletea wateja wengine.

Tatizo ni kwamba nywila na email ya akaunti anabaki nazo yeye. Sony inamruhusu mwenye akaunti kuondoa mashine zote kwa mpigo kupitia tovuti, mara moja kila miezi sita, bila kugusa mashine yako. Akishafanya hivyo, kiti chako kinahamia kwa mnunuzi mpya. Wewe ukiunganisha intaneti unakuta kufuli kwenye picha ya gemu, unaambiwa leseni haijathibitishwa. Unaingia Restore Licenses mara tano, kufuli halitoki, kwa sababu hakuna leseni ya kurudisha. Sasa itazame tena ile garantii ya miezi mitatu, uilinganishe na ile miezi sita: garantii inaisha kabla zamu yake ya kuondoa mashine haijarudi.

Jaribio wanaloonyesha wauzaji, la kuzima intaneti, kuwasha upya mashine na kufungua gemu kwa jina lako, ni la kweli, lakini linathibitisha leo tu. La maana zaidi ni swali hili: email ya akaunti ni ya nani, na kodi (code, namba za siri) za akiba za uthibitisho wa hatua mbili anazo nani? Kama jibu ni "hizo nabaki nazo mimi kwa usalama wako", umekodi, hujanunua. Lipa bei ya kukodi au achana naye.

Hata anayekuuzia "akaunti nzima pamoja na email" hajakumalizia kazi. Aliyeifungua anajua tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa mwanzo na ana risiti za manunuzi ya kwanza, kwa hiyo akienda huduma kwa wateja kulalamika kwamba ameibiwa, ushahidi wote uko upande wake. Kwa Steam, duka la gemu za kompyuta, ni vilevile: risiti ya malipo ya kwanza au kodi ya kwanza ya gemu inatosha kumrudishia akaunti. Na kwa kuwa masharti ya Steam yanakataza kuuza akaunti, huna pa kukatia rufaa.

Sekondari ni bei rahisi na taabu tupu. Lazima uwe na intaneti gemu inapofunguka ili leseni ikaguliwe, na mwingine akiingia na akaunti hiyohiyo wewe unatupwa nje katikati ya mechi. Kibaya zaidi, unacheza kwa jina la akaunti ya muuzaji, na sevu imefungwa kwenye akaunti hiyo. Huwezi kuihamishia kwenye jina lako hata ukiinakili kwenye flashi. Akibadilisha nywila, saa zako 80 za gemu zimekwenda naye. Wenye vibanda vya PS ndio wanaoumia hapa: ananunua sekondari moja, anaiweka kwenye TV mbili, halafu anashangaa kwa nini watoto wanagombana.

Ujanja mwingine unaozagaa ni wa PlayStation Plus, usajili wa kulipia wa Sony. Unaonyeshwa video ya akaunti yenye gemu mia na kitu, zote zinafunguka. Hizo si gemu zilizonunuliwa. Ni katalogi ya Plus Extra au daraja la juu yake, na siku usajili ukiisha zote zinafungwa kwa mara moja. Usajili wenyewe unaweza kuwa wa mwezi mmoja. Mwambie afungue Game Library mbele yako, aingie kwenye gemu unayoitaka, uangalie kama ina alama ya jumlisha ya PlayStation Plus. Ikiwepo, muulize tarehe ya kuisha usajili na akuonyeshe kwenye skrini, si kwa mdomo.

Kuna pia suala la nchi, na hapa wengine wanapigwa bila hata muuzaji kuwa na nia mbaya. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PSN, kwa hiyo wengi tuna akaunti za Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu. Nchi ya akaunti haibadilishwi ikishachaguliwa. Kadi ya zawadi ya dola inaingia kwenye akaunti ya Marekani tu. Ukiwa na akaunti ya Uingereza itakataa, na muuzaji atakwambia "kodi imeshafunguliwa, sirudishi". Nyongeza za gemu nazo ni hivyohivyo: diski ya toleo la Ulaya na nyongeza iliyonunuliwa duka la Marekani mara nyingi havitambuani. Angalia namba ya toleo kwenye mgongo wa kava kabla hujalipia nyongeza. Walioguswa na mambo ya nchi hawakuwa wa PlayStation peke yao: Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye Steam wawe na akaunti ya PSN, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, zetu zikiwemo. Sony iliondoa sharti baada ya siku chache za kelele.

Tukija kwenye PC, tangazo maarufu ni "Steam ofulaini". Unapewa jina na nywila, unaingia, unashusha gemu, unaifungua mara moja, kisha unachagua Go Offline na unaapishwa usirudi hewani tena. Kwa gemu isiyo na ulinzi mkali inaweza kudumu. Kwa gemu yenye Denuvo, ulinzi wa kuzuia gemu kunakiliwa, ni suala la siku tu. Denuvo hutoa tokeni, yaani kibali cha kidijitali kinachofungwa na mashine yako, na kwa akaunti moja inaruhusu mashine tano tofauti ndani ya saa 24. Muuzaji akiwa na wateja 30 wikiendi ya kutoka gemu, wa sita na kuendelea wanapata ujumbe wa kusubiri siku nzima, naye anawaambia "seva za Steam zina shida, mkuu". Seva hazina shida yoyote. Halafu tokeni yenyewe haidumu: ukibadilisha prosesa, Windows ikijisasisha kwa apdeti kubwa, au gemu ikipata kiraka, inadaiwa upya, na hapo unamtegemea muuzaji akupe nafasi kwenye foleni. Wanaocheza kwa Linux wajihadhari zaidi, maana kubadilisha toleo la Proton (programu inayofungua gemu za Windows kwenye Linux) huhesabiwa kama mashine mpya.

Na hili lisomwe mara mbili. Wapo wanaokuuzia "kodi ya gemu" na maelekezo yake yanaanza hivi: zima antivairasi, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri la Windows) kama Administrator, bandika mstari huu. Usibandike. Kodi halali ya Steam inaingizwa kwa Steam wenyewe tu: ndani ya programu yao, Games, Activate a Product on Steam, au kwenye tovuti yao. Ule mstari unashusha faili na kuzipachika kwenye folda ya Steam ili gemu ionekane kwenye maktaba kana kwamba umeinunua. Steam ikijisasisha, inatoweka. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba umempa mtu usiyemjua mamlaka yote juu ya kompyuta ambayo pengine ndiyo unayofungulia benki. Kama umeshabandika, kufuta gemu hakutoshi: badilisha nywila zote kwa kutumia simu, kisha piga Windows upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye mashine nyingine.

Kodi zenyewe, hata zile zinazoingia vizuri, zinaweza kuondolewa baadaye kama zilinunuliwa kwa kadi ya wizi. Januari 2015 kampuni ya gemu ya Ubisoft iliondoa kodi za Far Cry 4 kwa watu walionunua kwenye masoko ya pembeni. G2A, soko la mtandaoni la kuuzia kodi, nao mwaka 2020 walikubali kuwalipa watengenezaji wa gemu ya Factorio dola 39,600 baada ya ukaguzi kukuta kodi 198 za wizi ziliuzwa sokoni kwao. Kuangalia yako imeingiaje, fungua maelezo ya akaunti ya Steam kwenye ukurasa wa leseni: iliyonunuliwa dukani inaandikwa Steam Store, ya kodi inaandikwa Retail. Muuzaji akisema "nimekununulia moja kwa moja dukani" na pameandikwa Retail, ameshakudanganya. Kumbuka pia kwamba Steam hurudisha hela ndani ya siku 14 kama hujazidisha saa mbili za kucheza, lakini kwa kilichonunuliwa dukani kwao. Kodi ya nje haimo.

Mashine zilizochipiwa, yaani zilizodukuliwa ili zicheze gemu za kunakili, zina dalili moja: muuzaji wa PS4 anakusisitiza "usiapdeti kabisa". Matoleo ya mfumo 9.00 na 11.00 yanatafutwa kwa sababu yanadukulika. Si kosa kuinunua ukijua unachonunua, ila si mashine ya kucheza mtandaoni, na mashine ikishafungiwa na Sony, kubadilisha akaunti hakusaidii. Kabla ya kulipa ingia PSN na akaunti yako mwenyewe, fungua duka, shusha kitu cha bure chochote. Wanaotafuta Switch 2 ya mkononi wafanye hivyohivyo: Nintendo wamefungia mashine zilizotumia kadi za kunakilia gemu, na namba ya kosa inayoonekana ni 2124-4508.

Tapeli akibanwa, atakuletea siasa. "Hata Sony hawakuuzii gemu, wanakukodisha, mimi nakukodisha kwa bei nafuu." Nusu ya kwanza ni kweli. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya mwaka 2014, na leseni zikatolewa kwenye maktaba za watu waliolipa hela halali. California ilitunga sheria AB 2426, inayofanya kazi tangu Januari 2025, kulazimisha maduka yaseme wazi kwamba unanunua leseni. Steam walianza kuliandika hilo kwenye malipo Oktoba 2024. Ubishi wa kudai haki hizo ni wa haki. Lakini leseni ya dukani iko kwa jina lako, ina risiti, na ina mtu wa kumshtaki. Ya huyu ndugu ina namba ya WhatsApp tu.

Ukitaka kupunguza gharama bila kamari, chukua diski: inafanya kazi kwenye mashine ya mtu yeyote, na ukiimaliza unaiuza. Angalia tu kwamba PS5 yako ina mlango wa diski, na kama ni ule wa kupachika wa PS5 Slim, unahitaji intaneti mara moja wakati wa kuuoanisha. Kwenye PC, Steam Families inaruhusu watu sita wa nyumba moja kugawana maktaba. Usimwingize muuzaji wala "kaka wa mtandaoni" humo: nafasi anayoiacha mtu hukaa mwaka mzima bila kujazwa, na mwanafamilia akicheza kwa udanganyifu kwenye gemu yako, kufungiwa kunakufikia na wewe.

Kama umeshapigwa, fanya haraka kwa mpangilio huu. Piga picha za skrini za mazungumzo yote kabla hajakublock, pamoja na jina la akaunti ya PSN au Steam uliyopewa. Ondoa kadi yako ya benki kama uliiweka kwenye akaunti ile. Kwa Kenya, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba muamala urudishwe. Uwezekano ni mdogo kama ameshatoa hela, ndiyo maana dakika zina maana. Kwa Tanzania, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe, kisha tuma namba ya tapeli kwenda 15040, halafu nenda polisi na zile picha. Usifute jina la mtumiaji lililoko kwenye mashine yako mpaka umeandika jina la akaunti, maana ukilifuta, na sevu zake zinafutika.