Beleshi au mashine ya theluji?

Kila Novemba swali hili la kuondoa theluji nyumbani hurudi kwa wageni wa Corner Brook, Newfoundland, Kanada, mji mdogo unaopata theluji ya mita kadhaa kwa mwaka.

Kwa bei, beleshi halina mpinzani: dola makumi tu, na matunzo yake ni kulitundika ukutani. Mashine ya petroli, inayokusanya theluji na kuirusha pembeni, hufika dola elfu moja na zaidi, inataka oili, plagi, na petroli iliyobaki itolewe msimu ukiisha, la sivyo kabureta huziba. Kuna na zile pini ndogo, zimetengenezwa zikatike parafujo (skrubu kubwa inayozunguka mbele ya mashine) ikigonga barafu ili giaboksi ipone. Weka za akiba.

Ila subiri greda la manispaa lipite! Linaacha tuta la theluji mlangoni mwa njia ya gari, zito kama zege bichi. Hapo mashine inashinda, hasa kwa mwenye shida ya moyo au mgongo. Kwenye ngazi haifai kitu. (Na ikikwama, usitie mkono ndani hata injini ikiwa imezimwa, tumia kijiti.)

Una kiuga kidogo na vijana nyumbani? Beleshi latosha. Njia ndefu na zamu ya alfajiri? Changeni na jirani mnunue mashine moja.